Kondo Lililoondoka na Ndege

Nilizaliwa ndani ya ndege. Naliweka hilo mwanzo kabisa kwa sababu ndilo jambo pekee la kujivunia nililowahi kufanya, na nililifanya nikiwa nimefumba macho. Tangu siku hiyo sijapanda ndege tena. Sijapanda hata ghorofa, nikiweza kulikwepa. Cherehani yangu iko barazani, baraza iko mtaa wa Mafiga, mjini, na mteja anayetaka kupimwa suruali atakuja hapo hapo au ataendelea kuvaa ile inayombana. Mke wangu husema watu wengine Mungu aliwaumba na miguu, mimi akaniumba na kiti.

Habari ya ndege nimeitumia tangu utotoni. Nilipokuwa sekondari mwalimu wa jiografia aliuliza nani amewahi kupanda ndege, nikasimama peke yangu darasa zima, kidole gumba kinachungulia kwenye kiatu. Akaniuliza ukiwa juu dunia inaonekanaje. Nikamjibu kwamba siku hiyo nilikuwa na shughuli nyingi, sikupata nafasi ya kuangalia.

Mwenye simulizi hiyo alikuwa mjomba, kaka yake mama. Kwetu Waluguru ukoo unapita kwa mama, kwa hiyo mjomba akisema jambo, baba husubiri. Na mjomba alisema hivi: uchungu wa mama ulikuwa mgumu, wakamshusha kwa machela mpaka kwenye kiwanja cha nyasi cha misheni, chini ya kijiji, pale ilipokuwa ikitua ndege ndogo ya daktari. Ikambeba kumpeleka hospitali kubwa. Na huko juu, katikati ya mawingu, mimi nikatoka. Kila mwaka alipohadithia, mawingu yaliongezeka. Mama, simulizi ikianza, alikuwa akiinuka kwenda kuangalia chungu jikoni.

Mwaka huu mama alishuka kutoka kijijini kwa ajili ya macho. Mama ndiye hushuka siku zote, maana mimi kupanda kule sijapanda miaka mingi. Kila nikipanga, mvua hunyesha, au shule zinafunguliwa na sare zinakuwa nyingi. Safari hii alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili na hospitali walishampangia siku ya upasuaji. Alifika na kikapu cha ndizi, rozari shingoni, akanitazama mlangoni akasema ananiona kama moshi mnene.

Jioni hiyo, hata chai haijapoa, akaanza.

"Mwanangu, kabla hawajanigusa macho, nipeleke kwenye zile ndege."

"Ndege zipi, mama?"

"Za kule mbele ya Mikese. Mjomba wako anasema kuna mtu amezikusanya ndege kuukuu, watu wanakwenda kuziangalia."

Kweli yapo makumbusho hayo, madogo, ya mtu binafsi, ukishapita Mikese, kabla hujafika njia ya kuingia Ngerengere. Niliyajua kwa sababu wateja wangu huyataja. Mimi Mikese ndio uliokuwa mpaka wangu wa mashariki.

"Mama," nikamwambia, na nilijiona nina akili sana, "unataka kwenda kuangalia kitu wiki ambayo huoni. Subiri wakutibu, utaziona mpaka misumari."

"Nani kasema naenda kuangalia? Naenda kuchukua."

"Kuchukua nini?"

"Kondo lako."

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Aliacha.

Hapo mama akatueleza. Kwao kondo la nyuma la mtoto huzikwa kwenye migomba ya ukoo, ili huyo mtu awe na mahali. Makondo ya ndugu zangu wote yako pale. Langu halipo. Siku ile liliviringishwa kwenye blanketi la ndege, na ndege ikaondoka nalo. Alikaa nalo moyoni miaka yote hii kwa sababu hakujua ndege ile ilikwenda wapi. Sasa amesikia ndege kuukuu zimeletwa karibu.

"Wakinilaza pale kitandani nisiamke," akasema, "nikifika kwa waliotangulia nitawaambia nini? Kwamba watoto wote nimewaleta, mmoja nilimsahau kwenye ndege?"

"Mama, macho tu hayo, hawatakuua."

"Hujui. Wewe umeshawahi kupasuliwa?"

Nilichanganyikiwa. Nikajaribu kufikiri kama mtu aliyesoma. Nikamwambia kwamba kama ni hivyo, mtu ambaye kondo lake liliondoka na ndege angekuwa mtembezi, dereva wa malori ya kwenda Kongo, sio mimi.

"Ndiyo maana," mama akajibu. "Cha kusafiri kilishasafiri. Kilichobaki ndicho hiki kilichokaa hapa."

Mke wangu alicheka mpaka akamwaga mchele.

Tulikodi gari. Mjomba alikaa mbele na kofia yake ya pama, mama na mimi nyuma. Tulipopita Mikese nikageuka kuitazama ikibaki nyuma kwenye kioo, na sijui kwa nini nilihisi nimeacha kitu jikoni kinaungua. Mjomba alitumia njia nzima kumweleza dereva habari za mawingu.

Makumbusho yenyewe ni uwanja wenye ukuta wa matofali na banda kubwa la mabati. Ndege nyingine ziko nje juani, nyingine bandani kwenye sakafu ya zege. Alitupokea binti mmoja mwenye fulana yenye picha ya ndege kifuani, kazi yake kutembeza wageni.

"Shikamooni."

"Marahaba," wazee wakaitika, na mama papo hapo akamshika mkono, maana alihitaji mkono.

Ndege ya kwanza ilikuwa ya kivita, nyembamba, pua kali kama ya sindano. Mimi kama fundi nilitazama mwili wake: vipande vya bati vimeunganishwa kwa vijimsumari vilivyopangwa mstari, umbali sawasawa, mshono ambao ningejivunia. Binti akasema ina kiti kimoja tu.

"Kimoja?" mama akauliza. "Sasa mgonjwa alikuwa analala wapi?"

"Hii haikubeba wagonjwa, bibi. Hii ilikuwa inawaongeza."

Tukaenda kwenye ya abiria, ya zamani, yenye mapangaboi mawili na vipazia madirishani. Nikaingiza kichwa mlangoni kuona vitambaa vya viti, nikasahau tumefuata nini, mpaka mama akanifinya. Halafu helikopta isiyo na mapanga. Halafu ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, rangi ya kijani, tumbo nene, mlango wake uko mkiani na unashuka kama ulimi. Mjomba alipoiona akasimama.

"Hii hapa! Hii hii! Tumbo hili nalikumbuka."

"Kaka," mama akasema bila hata kugeuza kichwa kule, "ile ilikuwa ndogo. Ungeweza kuifunga kamba ukaichunga kama mbuzi."

Mwisho wa banda zilikuwepo mbili ndogo, nyeupe, bawa juu, zimekaa bega kwa bega kama mapacha waliovishwa sare. Mbele yake mnyororo, na kibao: USIGUSE.

Mama hakukiona kibao. Alinyoosha mkono.

"Bibi, samahani, hairuhusiwi kugusa."

"Mimi sioni, mwanangu. Nisipogusa nitajuaje?"

"Naelewa, bibi, lakini mwenyewe akipita nitafukuzwa kazi."

Tukabaki tumesimama. Nilishaanza kuona njia ya kurudi Mafiga kabla jua halijawa kali. Mama akainamisha kichwa kidogo, kama anasikiliza.

"Hiyo sauti yako ni ya wapi?"

"Handeni, bibi."

"Mzigua?"

"Mzigua kabisa."

Mama akapiga kofi pajani, maana Wazigua na sisi Waluguru ni watani tangu zamani. "Mtani! Basi ndege hizi zote ni zangu, wewe umewekwa kunilindia tu. Ondoa hilo dude nipite."

Yule binti uso ulibadilika papo hapo, kama taa imewashwa. Akaruka, akanyakua kofia ya mjomba na kuivaa yeye. "Na hii ni yangu! Waluguru mmeshuka mlimani mikono mitupu, hata kabichi moja hakuna, halafu mnataka kuingia bure?"

"Rudisha kofia, mtoto wewe!" mjomba akafoka, kipara kinang'aa.

"Hapo ulipo unafanana na hii," binti akasema, akionyesha pua ya ndege. "Nikikuwekea pangaboi unaondoka."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kanga. Halafu akamwambia tulichokifuata. Binti aliacha kucheka. Anayezika uchafu wetu, anayekaa karibu na mambo yetu ambayo sisi wenyewe tunayaonea haya, ni mtani. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Alitazama mlangoni kwa mwenyewe, akaigusa ile kofia kichwani, akasema, "Basi hiyo ni kazi yangu kweli." Akafungua mnyororo.

Mama alivua viatu. Akapapasa bawa, akapapasa mguu wa chuma, gurudumu, mlango. Tukamsaidia kupanda. Viti vya nyuma havikuwepo, akalala sakafuni, kichwa upande wa mkia, miguu upande wa rubani, rozari imemtambaa shavuni. Mimi nilisimama mlangoni sijui niweke wapi macho. Mtu hazoei kumtazama mama yake akiwa kwenye mkao huo na kujua kwamba kinachokumbukwa ni kuzaliwa kwake yeye.

"Mlima ulikuwa hapo," akasema, akinyoosha kidole nilipokuwa nimesimama. "Nilikuwa nautazama muda wote. Haukusogea."

"Mama, kama mlikuwa juu, mlima ungekuwa chini."

"Nani kasema tulikuwa juu?"

Wote tukamgeukia mjomba. Bila kofia alionekana mdogo.

"Iliruka wapi ile!" mama akaendelea, bado amelala. "Mvua ilikuwa imenyesha. Ilipoanza kukimbia kwenye nyasi gurudumu likazama. Wanaume wakaitwa kusukuma. Wanasukuma, mimi nasukuma. Mimi nikawatangulia."

"Na mjomba?" nikauliza.

"Muulize."

"Nilikuwa kwenye gurudumu," mjomba akasema. "Matope mpaka mdomoni. Nikasikia mtoto analia ndani, nikajua dada yuko hai." Akapapasa kipara chake. "Sasa hiyo unaihadithiaje?"

"Na mawingu je?"

"Mawingu yalikuwepo!" akasema kwa hasira. "Siku hiyo yalikuwa chini tu."

Ndege ilipochomoka kwenye matope, mama alikuwa ameshajifungua salama, hana haja tena ya hospitali, na kulikuwa na mgonjwa mwingine anasubiri kituo cha mbele. Mvua inarudi. Walimshusha haraka kwenye nyasi, mtoto mikononi, rubani akaondoka. Ndege ikapotea nyuma ya mlima, na ndani yake blanketi.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Naelekea hamsini, na nilikuwa nimezaliwa kwenye ndege iliyokwama. Kwanza nilihisi nimeibiwa kitu. Halafu, na hili bado linanishangaza, nilijisikia kama mtu aliyevaa maisha yake yote suruali ya kuazima, leo amepewa ya kwake na imemkaa.

Lakini mama alikuwa ameshashuka na uso wake haukuwa na raha. Akaomba aingizwe kwenye ile ya pili. Akalala tena, akapapasa tena. Akanusa huku na huku.

"Hata hii mlango uko upande ule ule," akasema. "Hata hii inanuka panya."

"Mtani," nikamuuliza binti, "ya daktari ni ipi?"

Akajikuna chini ya kofia ya mjomba. "Moja ilikuwa ya daktari, moja ilikuwa inamwaga dawa kwenye mashamba. Walipozipaka rangi vibao vikatolewa. Vilivyorudishwa, mimi siamini kama vimerudi mahali pake." Halafu akaongeza taratibu, "Na bibi, hata hiyo ya daktari sijui ilikuwa inafanya kazi wapi. Zote zililetwa na lori, vipande vipande."

Kwa hiyo inaweza kuwa hii, au ile, au isiwe hata moja. Nilitaka kumwambia mama twende nyumbani. Ndipo tukasikia sauti nje ya banda.

Tulipokuwa tunaulizana, mjomba alikuwa ametoka na chupa yake ya maji na unga aliouficha kwenye mfuko wa koti. Tulimkuta amesimama mbele ya ule mlango wa mkiani wa ndege ya jeshi, ananyunyiza maji ya unga na kuongea Kiluguru kwa sauti ya msibani. Aliitajia ndege ile jina la ukoo wetu, akaiambia hatuna ugomvi nayo, tunajua ilikuwa kazini, tunaomba tu kilicho chetu. Wanafunzi waliokuja na mwalimu wao walikuwa wanampiga picha kwa simu.

"Mjomba, hiyo ya jeshi! Hata mama kasema siyo!"

"Mwacheni," mama akasema. Alikuwa amechoka, ameegemea bega langu. "Amechagua ya kwake. Huenda ndiyo inalo."

Sasa kilichobaki kilikuwa kuchukua. Kawaida ungechukua udongo wa pale kitu kilipokuwa, lakini pale chini ni zege. Binti akauliza kama tuna kitambaa. Mfukoni mwangu hamkosekani kitambaa: nikatoa kipande cha kaki kilichobaki kwenye sare. Akapiga magoti, akafuta vumbi kwenye sakafu ya ndege nyeupe ya kwanza, pembeni kabisa, mahali ufagio haufiki. Akafuta kwenye ya pili. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaenda akafuta na kwenye lile tumbo la kijani. Akakunja, akampa mama kwa mikono miwili.

"Kofia inabaki," akamwambia mjomba. "Mtakuja kuikomboa kwa kabichi."

Usiku ule nilikishona kile kitambaa pande zote nne, mshono mara mbili. Mama alikaa pembeni akikishika-shika. Nilidhani mjomba ndiye atakwenda kuzika.

"Mjomba wako magoti mabovu," mama akasema. "Mimi njia siioni. Utakwenda wewe."

"Mimi?"

"Ni lako."

"Mama, si tuzike hapa? Hapa ndipo ninapokaa. Kuna mgomba uani."

"Huo mgomba wa Mafiga unamjua nani?" Akalala, akageukia ukutani. Halafu, kutoka kule ukutani: "Nataka kabla hawajanipasua."

Nikaenda. Pikipiki ilinifikisha mwisho wa barabara, kutoka hapo ni miguu. Nilikuwa nimesahau jinsi njia ile inavyosimama. Wanawake wenye mizigo ya kabichi na karoti kichwani walikuwa wanashuka, na wengine waliokwishauza walikuwa wanapanda, na wote walinipita.

"Kaka, unapanda au unashuka?" mmoja akaniuliza. "Maana naona umesimama tu."

"Huyu si yule aliyezaliwa kwenye ndege?" mwenzake akasema.

"Ehe! Sasa si aruke!"

Sikuwa na pumzi ya kuwajibu.

Migomba ya ukoo iko mahali ilipokuwa, ila imekuwa minene. Nilichimba kwa jembe la kuazima kwa jirani, nikaweka kile kifurushi. Hapo nikagundua sikuuliza niseme nini. Nikasema shikamooni. Nikasema nimekuja. Nikataka kueleza kwamba ni vumbi la ndege tatu, na moja ni ya jeshi, lakini nikaona nitawachanganya na wao. Nikafukia.

Nilikaa pale nikitazama chini, kilipokuwa kiwanja cha nyasi. Sasa ni mahindi. Na pale ndipo wazo lilipoingia, na halijatoka mpaka leo. Mama alikuwa na miaka yote hiyo ya kulitaja kondo, hakulitaja. Alijua mapema, kabla hata ya kulala sakafuni, kwamba ndege zote zinafanana? Alipokubali vumbi la yoyote ile, alikuwa anataka kilicho ndani ya kitambaa, au alikuwa anataka aliyekibeba afike hapa? Niliwaza mpaka kichwa kikauma, nikala ndizi, nikashuka.

Nilifika hospitali wakati wameshamfanyia jicho la kwanza. Mke wangu ndiye alikuwa amekaa naye. Alinitazama viatu, akaniambia nikaoshe, nisimtie aibu mbele ya manesi. Sikuosha.

Walipomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele ya kitanda, nimejiandaa kuambiwa nimezeeka. Mama hakunitazama usoni. Alitazama chini, taratibu, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, mpaka macho yakafika kwenye viatu vyangu na ule udongo mwekundu uliokaukia pembeni. Akautazama muda mrefu.

"Wa kwetu huo," akasema.

Kisha ndipo akapandisha macho juu.

"Na wewe umenenepa."